SOMO LA 14: KUSOMA SAA NA KUSOMA MAHALI



Sasa unajua kusoma na kuandika. Unaweza kusoma barua ya kijiji, kadi ya kliniki na tiketi ya basi. Lakini kusoma neno ni jambo moja, na kulielewa kama alivyokusudia mwandishi ni jambo la pili.

Katika somo hili tutazungumza juu ya mambo mawili ambayo kila mtu hudhani anayajua. Mambo hayo ni saa na mahali. Tutaona kwamba watu mbalimbali huyahesabu kwa njia mbalimbali. Asiyejua hivyo anaweza kukosa dawa, mbolea au safari. Anaweza pia kumvunjia mwenzake heshima bila kukusudia.

1. MAMA ALIYEFIKA SAA NANE

Tuanze kwa mfano. Mama mmoja wa kijijini ana mtoto mchanga. Amepewa kadi ili arudi hospitali siku ya Jumanne, mtoto apate chanjo. Aliyeandika kadi ameandika hivi: 8.00.

Mama huyu amehitimu kisomo. Anaisoma kadi vizuri kabisa: nane. Jumanne anaamka alfajiri. Anapalilia mahindi yake mpaka jua linapanda juu. Kisha anaoga, anambeba mtoto mgongoni na kushika njia. Anafika saa nane mchana, hakupungukiwa hata dakika moja.

Chumba cha chanjo kimefungwa. Muuguzi alikuwa akimngoja tangu saa mbili asubuhi. "Ninyi watu wa vijijini hamjali wakati," anamwambia.

Mama anarudi nyumbani kwa aibu. Njiani anajiuliza: "Kisomo hiki kimenifaa nini?" Labda safari nyingine hatakwenda. Na mtoto atakaa bila kinga.

Je, nani amekosa? Mama hakuchelewa. Alifika kwa saa anayoijua. Muuguzi naye hakudanganya. Aliandika saa aliyofundishwa kazini. Kosa ni kwamba hakuna hata mmoja aliyeuliza: "Nane hii ni ya saa ipi?"

2. SAA YETU INAANZIA WAPI?

Sisi tunaozungumza Kiswahili tunahesabu saa kwa kufuata jua. Jua likichomoza, saa ya kwanza ya mchana inaanza. Ikiisha, tunasema ni saa moja asubuhi. Jua likifika utosini ni saa sita. Jua likizama ni saa kumi na mbili jioni. Kisha tunaanza tena kuhesabu saa za usiku.

Hesabu hii si ya ujinga. Ina sababu nzuri. Nchi yetu iko karibu na mstari wa Ikweta. Katika nchi za Ikweta mchana na usiku hulingana karibu mwaka mzima. Hapa Songea mchana mfupi kabisa ni wa mwezi wa Juni, nao una saa 11 na nusu hivi. Mchana mrefu kabisa ni wa mwezi wa Desemba, nao haufiki saa 13. Kwa hiyo jua ni saa ya kuaminika. Mkulima aliye shambani hana haja ya saa ya mkononi.

Si sisi peke yetu tunaohesabu hivi. Waganda huhesabu vivyo hivyo kwa lugha yao. Watu wa Ethiopia nao huhesabu hivyo.

3. SAA YA KIZUNGU INAANZIA WAPI?

Watu wa Ulaya huanza kuhesabu saa katikati ya usiku.  Kwao jua si saa ya kuaminika. Katika mji wa London, Uingereza, mchana wa mwezi wa Juni una saa zaidi ya 16. Mchana wa mwezi wa Desemba una saa 8 hivi. Mtu wa London angehesabu saa tangu jua kuchomoza, saa moja yake ingehamahama mwaka mzima. 

Basi saa zote mbili zina akili ndani yake. Kila moja inafaa katika nchi ya wenyewe. Tofauti kati yake ni saa sita. Tazama mifano hii:

7.00 ya Kizungu asubuhi ni saa 1 asubuhi.
8.00 ya Kizungu asubuhi ni saa 2 asubuhi.
10.00 ya Kizungu asubuhi ni saa 4 asubuhi.
12.00 ya Kizungu mchana ni saa 6 mchana.
2.00 ya Kizungu mchana ni saa 8 mchana.
6.00 ya Kizungu jioni ni saa 12 jioni.

Kama una saa ya mishale yenye tarakimu, kuna njia rahisi. Tazama mshale mfupi unaonyesha tarakimu gani. Kisha soma tarakimu inayotazamana nayo upande wa pili. Mshale mfupi ukiwa kwenye 8, ng'ambo yake ni 2. Hiyo ni saa mbili.

Ukiona herufi a.m. baada ya saa, maana yake ni kabla ya adhuhuri. Ukiona p.m., maana yake ni baada ya adhuhuri. Herufi hizo ni alama ya saa ya Kizungu.

Simu nyingi huonyesha saa mpaka 24. Kuanzia 7.00 mpaka 18.00, toa 6. Kwa mfano 14.00 toa 6 inabaki 8, yaani saa nane mchana. Kuanzia 19.00 na kuendelea, toa 18. Kwa mfano 20.00 toa 18 inabaki 2, yaani saa mbili usiku. Kuanzia 1.00 mpaka 6.00 alfajiri, ongeza 6. Na simu ikionyesha 00.00, ni saa sita usiku.

4. SAA YA JIRANI NG'AMBO YA RUVUMA

Sisi wa Mpitimbi tuko kusini ya mji wa Songea. Kusini yetu zaidi kuna nchi ya Msumbiji. Wengi wetu tuna ndugu au wateja huko. Je, unajua kwamba saa ya Msumbiji iko nyuma ya saa ya Tanzania kwa saa moja? Hapa ikiwa saa nne asubuhi, kwao ni saa tatu. Malawi nako ni hivyo hivyo.

Jua ni lile lile. Iliyotofautiana ni mipango ya serikali. Saa ya Tanzania imepimwa kwa mstari unaopita mbali mashariki yetu, karibu na Mogadishu, Somalia. Sisi wa Songea tuko magharibi ya mstari huo kwa mbali. Kwa hiyo hapa kwetu jua hufika juu kabisa yapata saa sita na nusu mchana, wala si saa sita kamili. Mzee akikuambia kwamba saa ya redio inatangulia jua, usimcheke. Anasema kweli.

Ukienda mpakani, simu inaweza kushika mtandao wa Msumbiji na kurudi nyuma saa moja yenyewe. Usije ukaachwa na gari kwa sababu hiyo.

Hata majina ya siku yanahitilafiana. Sisi tunaanza kuhesabu baada ya Ijumaa: Jumamosi ya kwanza, Jumapili ya pili, Jumatatu ya tatu. Wareno huanza Jumapili. Siku tunayoiita Jumatatu, wao kwa lugha yao huiita "ya pili". Waarabu nao huanza Jumapili. Sisi tulichukua kwao jina la Alhamisi, na maana yake ni "ya tano". Kwa hiyo juma letu lina siku mbili za tano: Jumatano kwa hesabu yetu, na Alhamisi kwa hesabu ya Waarabu. Hili linatuonyesha kwamba lugha yetu yenyewe ni mahali ambapo hesabu za watu mbalimbali zimekutana.

Angalia pia neno "usiku wa Jumamosi". Kwa desturi ya zamani ya Waswahili siku huanza jua linapozama. Kwa hiyo mzee wa pwani akisema usiku wa Jumamosi, huenda ana maana ya usiku unaotangulia mchana wa Jumamosi. Kijana wa leo ana maana ya usiku unaofuata mchana huo. Ukialika watu katika ngoma au mkesha, andika hivi: "usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi". Hapo hakuna atakayepotea.

5. MWAKA NI WA NANI?

Kuna mwaka wa kalenda. Huo huanza tarehe 1 Januari. Kuna mwaka wa fedha wa serikali. Huo huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni. Na kuna mwaka wa mkulima. Huo huanza mvua zinapoanza, nazo hapa kwetu huanza mwezi wa Novemba au Desemba.

Sasa fikiri. Uko mkutanoni mwezi wa Machi. Mtaalamu anasema: "Fedha za kisima zitakuja mwaka ujao." Yeye ana maana ya kuanzia Julai, yaani baada ya miezi minne. Mkulima anaelewa kwamba ni baada ya mavuno na mvua nyingine. Mwingine anangoja Januari. Wote wametoka katika mkutano mmoja, lakini kila mmoja ana tarehe yake. Baadaye watalaumiana bure.

Dawa yake ni fupi. Inua mkono uulize: "Mwezi gani, na tarehe ngapi?"

6. RAMANI ILIYOGEUKA

Sasa tuje kwenye mahali. Hapa nitaeleza kosa langu mwenyewe.

Siku moja nilifundisha darasa la kisomo. Nilitundika ramani ya Tanzania ukutani. Wanakisomo walikuwa wamekaa wakitazama kusini. Nilimwomba mzee mmoja aonyeshe Bahari ya Hindi iko upande gani. Mzee akasimama, akanyosha mkono wake wa kushoto nje ya dirisha.

"Umekosa, mzee," nikasema. "Bahari iko upande wa kulia. Tazama ramani."

Watu wakacheka. Mzee akasema kwa utulivu: "Mwalimu, jua huchomoza huku. Bahari iko linakochomoza jua." Kisha akaketi. Siku ya pili hakuja. Hata juma lililofuata hakuja.

Niliporudi nyumbani nililifikiri jambo lile. Mtu akitazama kusini, mashariki iko kushoto kwake. Mzee alionyesha bahari ilipo kweli. Mimi nilionyesha bahari ya kwenye karatasi. Ramani huchorwa kaskazini ikiwa juu, na mashariki ikiwa kulia. Hayo ni mapatano ya wachora ramani tu. Mimi nilikuwa nimeyazoea mapatano hayo hata nikasahau nchi yenyewe.

Nilikwenda nyumbani kwa mzee. Nikamwamkia, nikamwomba radhi. Nikamwambia kwamba yeye alisema kweli, na mimi ndiye niliyekosa. Akanikaribisha, tukazungumza. Juma lililofuata alirudi darasani.

Siku hiyo niliitoa ramani ukutani. Tuliiweka chini, juu ya sakafu. Tukaigeuza mpaka upande wake wa kaskazini ukaelekea kaskazini ya kweli. Sasa bahari ya ramani ikaelekea upande wa bahari yenyewe. Ziwa Nyasa likaelekea machweo. Mzee akainama, akaweka kidole kwenye milima ya Matogoro, karibu na mji wa Songea, ambako Mto Ruvuma huanzia. Akaufuata mto huo kwa kidole mpaka Bahari ya Hindi. Hakuna aliyecheka.

Basi shika jambo hili. Juu ya ramani si mlimani, na chini ya ramani si bondeni. Juu ni kaskazini, chini ni kusini. Kabla ya kusoma ramani, iweke chini uielekeze kama nchi ilivyo.

Majina yenyewe ya pande yana asili yake. Mashariki ni neno la Kiarabu la upande wa kuchomoza jua, na magharibi la upande wa kuzama. Kaskazini na kusini yametokana na pepo za baharini, kaskazi na kusi. Mabaharia wa pwani ndio waliotumia pepo hizo kwa safari za majahazi. Sisi wa bara tumejifunza majina hayo ya pepo ingawa wengi wetu hatujapata kuiona bahari.

7. HATUA ZA NANI?

Tunajua kwamba ekari moja ni hatua 70 kwa hatua 70. Lakini ni hatua za nani?

Hesabu hiyo inataka hatua ndefu za karibu sentimita 90. Hatua 70 za namna hiyo ni meta 63. Mtu mwenye hatua za sentimita 75 akipima hatua 70, anapata meta 52 na nusu tu. Shamba lake litakuwa kama sehemu saba katika kumi za ekari. Yeye anaamini ana ekari nzima. Atanunua mbolea ya ekari nzima, na fedha nyingine zitapotea ardhini.

Kibarua naye huumia kwa njia nyingine. Amepatana kulima ekari moja. Mwenye shamba mwenye miguu mirefu anapima kwa hatua za meta moja. Hapo ekari imekuwa kubwa, lakini malipo ni yale yale.

Kwa hiyo pimeni kwa kamba. Chukueni kamba, muipime kwa futi kamba ya fundi, mfunge fundo kila baada ya meta 10. Kamba haina miguu mirefu wala mifupi.

8. MIAKA YA WAZEE

Mara nyingi vijana huwacheka wazee wasiojua mwaka wao wa kuzaliwa. Mzee husema: "Nilizaliwa wakati wa njaa," au "Nilikuwa ninachunga mbuzi tulipopata Uhuru." Je, huko ni kutojua wakati? La. Huko ni kuuhesabu wakati kwa matukio.

Angalia jinsi hesabu hiyo ilivyo na thamani. Wangoni walitoka kusini ya Afrika wakiongozwa na Zwangendaba. Walivuka Mto Zambezi katika safari ya kuja kaskazini. Hawakuwa na kalenda ya Kizungu. Lakini masimulizi yao yalishika jambo moja: wakati wa kuvuka mto, jua lilipatwa, pakawa giza mchana. Wataalamu wa nyota wanaweza kuhesabu nyuma siku ambazo jua lilipatwa. Kwa hesabu hiyo iliwezekana kujua kwamba Zambezi ulivukwa mwezi wa Novemba mwaka 1835.

Wazee walitoa tukio, na wataalamu wakatoa tarehe. Masimulizi peke yake yasingetupa mwaka. Kalenda peke yake isingetuambia nani alivuka mto. Hesabu mbili zilikutana, na historia ikapatikana.

Nawe unaweza kumsaidia mzee wako apate mwaka wake, kwa mfano anapotaka kuandikishwa. Muulize alikuwa mkubwa kiasi gani wakati wa mambo haya:

1945: Vita Kuu ya Pili vilikwisha.
1961: Tanganyika ilipata Uhuru.
1967: Azimio la Arusha lilitangazwa.
1974: Watu wengi nchini walihamia katika vijiji vipya.
1975: Msumbiji ilipata Uhuru.
1979: Vita vya Kagera vilikwisha.

Tuseme bibi anakuambia: "Nilivunja ungo mwaka wa Azimio la Arusha." Kama alikuwa na miaka 14 hivi, basi alizaliwa karibu na mwaka 1953. Usimwambie hajui. Alijua, ila alihifadhi kwa njia yake.

9. MAMBO YA KUSHIKA

Mgeni akifika kijijini kufundisha, analeta saa yake, ramani yake na vipimo vyake. Mwenyeji naye ana vyake. Hakuna asiyekuwa na kitu. Elimu huingia pale wawili hao wanapoulizana kabla ya kulaumiana. Mwalimu asiyeuliza hufundisha ukuta. Mwanafunzi asiyeuliza hurudi nyumbani na aibu isiyo yake.

Ukiandikiwa saa, uliza: ni asubuhi, mchana au usiku?
Ukiandika saa, andika hivi: "saa 2 asubuhi".
Ukiambiwa mwaka ujao, uliza mwezi na tarehe.
Ukionyeshwa ramani, tafuta kaskazini kwanza.
Ukipima shamba, tumia kamba.
Ukimsikia mzee akitaja tukio, tafuta mwaka wake.

MANENO YA KUJIFUNZA

Ikweta: mstari wa kufikirika unaoizunguka dunia katikati, kati ya kaskazini na kusini.
Mapatano: jambo ambalo watu wamekubaliana kulifuata.
Kupatwa kwa jua: mwezi kulikinga jua hata pakawa giza mchana.
Kuhitilafiana: kutofautiana.

MASWALI

1. Kwa nini mama alifika saa nane mchana? Ungekuwa wewe muuguzi, ungeandika nini kwenye kadi?
2. Kwa nini watu wa London hawawezi kuhesabu saa kwa kufuata jua kama sisi?
3. Tiketi ya basi imeandikwa 6.00 asubuhi kwa saa ya Kizungu. Utafika kituoni saa ngapi?
4. Simu yako inaonyesha 21.00. Ni saa ngapi kwa Kiswahili?
5. Kwa nini mzee alionyesha bahari upande wa kushoto?
6. Zungumzeni darasani: Je, umewahi kulaumiwa kwa kuchelewa kumbe saa zenu hazikuwa moja? Mlipatanaje?

KAZI YA KUFANYA

Simikeni fimbo iliyonyooka katika uwanja wa darasa. Kuanzia saa 6 mchana mpaka saa 7, wekeni kijiwe mahali ncha ya kivuli inapofika, kila baada ya dakika tano. Kivuli kifupi kuliko vyote ndicho kinachoonyesha mstari wa kaskazini na kusini. Mwezi wa Juni kivuli hicho huelekea kusini. Mwezi wa Desemba huelekea kaskazini. Andikeni saa ya kivuli kifupi. Kisha lazeni ramani yenu kando ya mstari huo, na mwombeni mzee mmoja wa kijiji awasomee nchi.